Udhuru, sababu au kisingizio: mwongozo kamili wa kuchagua neno

Niliwahi kuwa katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa. Siku moja niliandika kwenye kumbukumbu kwamba mwanachama mmoja hakuleta marejesho "kwa kisingizio cha kuuguliwa na mtoto". Kikao kilichofuata kumbukumbu zikasomwa kwa sauti, kama desturi. Yule mama alinyamaza mpaka mwisho, kisha akasema, "Katibu, mwanangu alilazwa siku nne. Hicho kisingizio nilikitoa lini?" Sikuwa nimekusudia ubaya. Nilidhani kisingizio ni jina jingine tu la sababu ya kutofanya jambo. Tulilifuta tukaandika udhuru, lakini lilikuwa limeshaingia masikioni mwa kikundi kizima, na mimi ndiye niliyeliingiza.

Tangu hapo nimekuwa nikiyachunguza maneno haya kila ninapoyakuta: kwenye magazeti, kwenye barua za kazini, kwenye dirisha la ofisi, kwa fundi cherehani. Nayaweka hapa kwa hatua, kwa ajili ya yeyote anayeandika kumbukumbu, habari, tafsiri au barua ya kujieleza, na kwa yule anayeshika simu akijiuliza atamwambiaje shangazi kwamba hatafika kwenye shughuli.

Hatua ya 1: Jiulize neno hilo ni la nani

Kabla ya kufungua kamusi, fanya jaribio dogo. Weka "nina" mbele ya neno. "Nina udhuru" husemwa kila siku. "Nina sababu" pia. Sasa jaribu "nina kisingizio". Hakuna anayesema hivyo. Mtu anaweza kukiri ya jana, "nilikuwa natafuta kisingizio cha kutokwenda", lakini wakati anakitoa hakiiti hivyo. Yeye anakiita udhuru. Anayekiita kisingizio ni msikilizaji, tena msikilizaji ambaye ameshakataa kuamini.

Hili ndilo jambo kubwa katika mwongozo huu wote. Udhuru ni neno la mtoaji, au la msikilizaji aliyempokea. Kisingizio ni neno la aliyemkataa. Sababu imekaa katikati na haijaegemea upande. Ukiandika kisingizio umeshahukumu, hata kama ulidhani unaripoti tu.

Kuna wakati hukumu hiyo ni ya haki, na hapo usiogope. "Wezi waliingia ndani kwa kisingizio cha kukagua mita ya umeme." Hakuna aliyekuwa anakagua mita, kwa hiyo neno limekaa mahali pake. Kipimo ninachotumia ni hiki: je, ninaweza kuonyesha kwamba sababu iliyotajwa ni ya uongo, au kwamba haikuwa ndiyo iliyomsukuma? Nikiweza, naandika kisingizio. Nisipoweza, naandika "akieleza kuwa" au "kwa maelezo kwamba", basi.

Uwe mwangalifu pia na "alidai" na "alijitetea". Kwenye habari, dai limeshaingia harufu ya shaka. Msomaji akiona "alidai alikuwa mgonjwa" anasikia "hakuwa mgonjwa". Na mtu hujitetea akiwa ameshashtakiwa. Kama hakuna aliyemlaumu, ukiandika "alijitetea" unamtengenezea mashtaka ambayo hayakuwepo.

Methali yetu ya jambo hili inafaa kusomwa polepole: mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Mbaazi ni mmea unaovumilia ukame kuliko mahindi, ndiyo maana wakulima wa Lindi, Mtwara na Babati wanautegemea. Mmea kama huo ukilalamikia jua, unalalamikia kitu ambacho ndugu zake wote shambani wamekistahimili. Na angalia kitenzi. Jua halikufanya lolote, lakini limebebeshwa lawama. Kusingizia kuna sura mbili: kujifanya una jambo ambalo huna (kusingizia ugonjwa) na kumbambikia mwingine kosa (kumsingizia jirani wizi). Wanaojifunza Kiswahili huziona kama maana mbili mbalimbali. Mimi naona ni moja. Kila kisingizio kina mtu au kitu kinachobebeshwa mzigo: jua, foleni, umeme, mtoto, hata marehemu. Anayelia "nimesingiziwa!" na anayesema "amesingizia kuumwa" wanatumia kitenzi kimoja kwa sababu tendo ni moja.

Kwa mwandishi, tofauti iko kwenye kiambishi. Ukiona kiwakilishi cha mtu ndani ya kitenzi, kama "amemsingizia" au "wamenisingizia", hapo ni tuhuma ya uongo. Kikikosekana, mara nyingi ni kujifanya.

Hatua ya 2: Tenganisha udhuru, dharura na sababu

Udhuru tumeupata kutoka Kiarabu, na bado unabeba uzito wa kisheria. Katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, mgonjwa na msafiri wanaruhusiwa kula mchana wa Ramadhani, kisha wanalipa siku hizo baadaye. Ona muundo wake: kikwazo ni cha kweli, lawama inaondoka, lakini deni linabaki. Nadhani hii ndiyo maana safi kabisa ya neno hili, hata nje ya msikiti. Mwenye udhuru halaumiwi, na bado kazi inamsubiri.

Udhuru pia una adabu yake. Pwani, mwanamke akiwa hedhini husemwa ana udhuru, na hakuna anayeendelea kuuliza. Mgeni rasmi asipofika, mshereheshaji hutangaza "amepata udhuru", na sherehe inaendelea. Neno linafunga mlango wa maswali kwa heshima. Wanafunzi wa Kenya hufundishwa hivyo hivyo katika kuandika kumbukumbu za mkutano: kuna orodha ya waliohudhuria, kuna waliotuma udhuru, na kuna waliokosa bila udhuru. Katibu hatakiwi kupima kama udhuru ulikuwa mzuri. Anatakiwa kuandika kama uliletwa. Laiti ningelijua hilo mapema.

Katika Injili ya Luka, sura ya 14, walioalikwa karamuni mmoja amenunua shamba, mwingine ng'ombe jozi tano, mwingine ameoa. Biblia ya Union Version inasema walianza kutoa udhuru. Mwenye karamu alikasirika, ila msimulizi hakuwapokonya neno lao. Aliwaachia udhuru wao, na msomaji akajionea mwenyewe ulivyo mwepesi. Wanaotafsiri wajifunze hapo: kama maandishi ya asili hayajahukumu, usihukumu kwa niaba yake.

Dharura ni jambo jingine. Hiyo ni hali ya ghafla inayobana mpaka mtu hana njia. Wanazuoni wa sheria ya Kiislamu wana kanuni kwamba dharura huhalalisha haramu, na maneno hayo peke yake yanaonyesha jinsi mlango wake ulivyo mwembamba. Harusi iliyotangazwa mwezi mzima uliopita siyo dharura. Mtoto kuanguka shuleni ni dharura. Anayeomba "ruhusa ya dharura" kila Ijumaa analimaliza neno, na siku atakayolihitaji kweli halitamsaidia. Ugonjwa wenye karatasi ya daktari, ile tunayoiita ED kazini, hauhitaji hata kuitwa dharura, karatasi inajisemea.

Sababu ni neno la kila mtu. Linafaa kwa mvua, kwa foleni, kwa bei ya mafuta, kwa moyo wa mtu. Ukiwa na mashaka, tumia hili. Ila angalia linachofanyiwa likiingizwa kwenye ngeli ya KI-VI: sababu inakuwa kisababu, kisha vijisababu. Kenya neno hili linapendwa sana, na ni kali kuliko linavyoonekana. Udogo wake ni dharau, na wingi wake ni ushahidi. Mtu mwenye sababu huwa nayo moja. Vijisababu huja kwa mafungu: mvua ilinyesha, tena simu iliisha chaji, tena sikujua kama ni leo.

Hatua ya 3: Amekubali kosa au amelikana?

Hapa ndipo maelezo mengi huvurugika. Sikiliza watu wawili waliochelewa kikao. Wa kwanza: "Mnisamehe, basi liliharibika Chalinze." Wa pili: "Nimekuja saa hii kwa makusudi, kwa sababu kikao kiliitwa bila notisi inayotakiwa na katiba yetu." Wa kwanza anakubali kwamba kuchelewa ni vibaya, anasema tu haikuwa mikononi mwake. Huo ni udhuru. Wa pili hakubali kwamba amekosa. Anatoa hoja, anautetea uamuzi wake. Ukiandika kwamba wa pili "alitoa udhuru", umempokonya hoja yake. Ukiandika kwamba wa kwanza "alitetea kuchelewa kwake", umemfanya jeuri.

Kwa yule wa pili kuna kitenzi kingine, kuhalalisha. Kimetoka kwenye halali, na kinapotumika kwa tendo la mtu huwa kina lawama ndani yake. "Alihalalisha kumpiga mkewe" ni shutuma dhidi ya msemaji, na inastahili. Kama huna nia ya kushutumu, "alitetea" au "alitoa hoja ya" inatosha.

Mahakamani tofauti hii ni ya hatua, wala si ya ladha. Utetezi hutolewa kabla ya hukumu: sikuwa pale, sikuchukua, nilikuwa najikinga. Akishatiwa hatiani, mshtakiwa huomba kupunguziwa adhabu: ni kosa lake la kwanza, ana watoto wanaomtegemea, ni mgonjwa. Habari nyingi huandika "alijitetea kuwa ana watoto wadogo". Watoto hawamtetei mtu dhidi ya shtaka la wizi. Andika "aliomba apunguziwe adhabu kwa kuwa ana watoto wadogo", na msomaji ataelewa kesi imefika wapi.

Kazini, hatua hii ndiyo roho ya barua ya kujieleza. Mwajiri amekuandikia ueleze kwa nini usichukuliwe hatua za kinidhamu. Amua kabla ya kushika kalamu: nakiri au nakana? Barua nyingi zinaanguka kwa kufanya yote mawili. "Sikuchelewa, na hata kama nilichelewa, foleni ya Mbezi inajulikana." Sentensi hiyo imejivunja yenyewe. Kama unakiri, kiri kwenye mstari wa kwanza, kisha toa udhuru, kisha sema umerekebisha nini. Kama unakana, leta ushahidi na usiguse foleni kabisa.

Kuna na maelezo ambayo mtu hujipa mwenyewe. Kiswahili kina jina lake tangu utotoni: sizitaki mbichi hizi. Sungura alishindwa kuyafikia matunda, akajiondokea akisema hayajaiva. Msemo huu utumie kwa aliyekosa kitu kisha akakidharau. Haufai kwa anayechelewesha kazi.

Hatua ya 4: Kikague kitenzi

Nomino ni rahisi kuziona. Kitenzi ndicho kinachoficha. Kiswahili kina kauli ya kutendeka, ile yenye -ika na -eka, na mtoto wa miaka minne ameshaijua faida yake. "Mama, sahani imevunjika." Unaweza kusema "imevunjwa na Juma", lakini huwezi kusema "imevunjika na Juma". Mlango wa mtendaji umezibwa na sarufi yenyewe.

Mara nyingi hakuna ubaya wowote. Vitu huvunjika, maziwa humwagika. Shida inaanza kitenzi hicho kinapovaa suti. "Fedha zilitumika kinyume na utaratibu." Nani alizitumia? "Tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza." Hili la mwisho nalichukia waziwazi. Usumbufu umejitokeza! Umetoka wapi, umeota usiku kama uyoga? Aliyekata maji bila kutoa taarifa hayumo kabisa kwenye sentensi, na radhi inayoombwa haina mwombaji wa kweli. Ukipewa tangazo kama hilo ulihariri, mtafute mtendaji umrudishe: "Tulifunga maji jana bila kuwaarifu. Tunaomba radhi." Limekuwa fupi, na sasa ni msamaha.

Fanya zoezi hili kwenye maandishi yako mwenyewe. Pigia mstari kila kilichojitokeza, kilichotumika, kilichopotea, kilichocheleweshwa. Kwa kila kimoja uliza: ninamjua aliyefanya? Ukimjua na ukamwacha nje, uwe na sababu.

Jirani na kauli hiyo kuna maneno ambayo mtu anakuwa mtendewa ndani ya kosa lake. Nimepitiwa. Nimeghafilika. Ulimi umeteleza. Hasira zilinizidi. Shetani alinipitia. Nimewasikia watu wakilibeza hili la mwisho, nami siwaungi mkono moja kwa moja. Hakuna anayesema shetani alinipitia kabla ya kukubali kwamba alifanya. Ni kukiri huku umeinamisha kichwa, na wazee wanaosuluhisha ndoa wanalijua hilo, wanalipokea kama mwanzo wa mazungumzo, kisha wanauliza, "Haya, na wewe ulikuwa wapi alipopita?"

Halafu kuna kiambishi -ji-, ambacho kinafanya ngazi nzima ya uaminifu. Kujieleza hakuna lawama yoyote. Kujitetea tumeshakuona. Kujihami ni kukinga kabla hujapigwa, na humfanya msikilizaji ajiulize kuna nini. Kujinasua ni kutafuta upenyo. Kujikosha na kujisafisha ni maneno ya asiyeamini hata kidogo. Chagua ngazi moja ukijua unasimama wapi.

Hatua ya 5: Maneno ya dirishani na kwa fundi

Huku maneno hayachanganyiki kama wengi wanavyodhani. Longolongo ni maneno mengi yasiyozaa kazi. Anayetoa longolongo amekaa palepale. Danadana imetoka kwenye mpira, na mpira ni wewe: dirisha namba tatu wanakurusha namba saba, namba saba wanakurudisha. Kwa hiyo mtu mmoja fundi hawezi kukupiga danadana peke yake kirahisi. Danadana inataka ofisi. Kupiga chenga ni kukwepa kukutana na wewe. Kuzuga ni kujifanya anafanya. Ubabaishaji ni mzito kuliko yote, kwa kuwa unagusa tabia na ujuzi wa mtu, wala si jibu lake la leo tu. Usimwite mtu mbabaishaji kwa sababu ya kuchelewa mara moja.

Fundi cherehani anayekuambia "nimebakisha vifungo tu" wakati kitambaa chako bado kimekunjwa kwenye mfuko anazuga. Akikuambia umeme ulikatika, na kweli mtaa mzima ulikuwa gizani, huo ni udhuru, umpokee. Muulize gauni limefika hatua gani na uombe kuliona. Jicho litakupa neno sahihi.

Ofisini kuna "tuko kwenye mchakato", "tunalifanyia kazi", "ufinyu wa bajeti", "mtandao unasumbua" na "sababu zilizo nje ya uwezo wetu". Yote yanaweza kuwa kweli. Nina maswali matatu ya kuuliza, na naomba uyaulize kwa upole: lilianza lini, liko mezani kwa nani, litaisha lini. Jibu likija na tarehe, ulipewa maelezo. Jibu likija na mchakato mwingine, una haki ya kuandika longolongo.

Hatua ya 6: Kutoa udhuru wako mwenyewe

Utoe kabla ya tukio. Udhuru unaokuja baada ya shughuli hupokewa kwa shida hata ukiwa wa kweli. Taja sababu moja, ile kubwa. Ukiongeza ya pili umeanza vijisababu. Sema deni utalilipaje, kama yule msafiri wa Ramadhani. Kwa mkubwa wako piga simu. Ujumbe wa maandishi utumie pale tu simu isipopokelewa.

Maneno ya kuombea msamaha nayo yana mipaka. Samahani ni jepesi, linatosha kwa kumkanyaga mtu kwenye daladala. Niwie radhi au kunradhi lina heshima zaidi. Naomba unisamehe ndilo la kosa la kweli. Pole halimo humu: pole ni kumhurumia mwenzako kwa yaliyompata, na ukimkosea mtu kisha ukamwambia "pole" peke yake, umejitoa kwenye kosa lako ukawa mpita njia.

"Kama nimekukosea, nisamehe" ni ibara nzuri sana mwezi wa Ramadhani ukikaribia, au mtu anapoaga safari ndefu, kwa sababu hapo kweli hajui aliyemuudhi. Lakini kosa likiwa linajulikana na wote wawili, ile "kama" inamuumiza upya aliyekosewa. Iondoe.

Nikiwa nimekosa kumpata shangazi kwenye simu, ningemwandikia hivi: "Shikamoo shangazi. Nimepiga simu mara mbili sijakupata. Jumamosi sitaweza kufika kwenye shughuli, nimepangiwa zamu ya usiku na aliyeahidi kunishikia anaumwa. Naomba uniwie radhi. Mchango wangu nimemkabidhi dada, na Jumapili mchana nitakuja kusaidia kuosha vyombo na kurudisha viti."